Jagi ya plastiki ya Kibuye, soo moja na ishirini: nyota nne

Wasee, hii ni rivyu ya jagi. Jagi ya plastiki ya lita moja, samawati iliyopauka, nilinunua Kibuye, soko la hapa Kisumu, Jumapili kwa mama mmoja anatandika besheni na mabakuli kwa turubai, akaanza na 150 nikamshusha hadi 120. Haina jina la kampuni, haina karatasi, haina chochote. Na kati ya pesa zote nimemwaga mwaka mzima kutafuta kwa nini nakojoa kila saa, hiyo soo na ishirini ndio ilifanya kazi.

Mimi ni dere. Kisumu Nakuru, Nakuru Kisumu, abiria kumi na nne, kwenda na kurudi siku moja barabara ikikubali. Sasa jiulize dere anakojoa kila dakika arobaini anafanyaje hiyo kazi. Nilikuwa natoka steji Kisumu nimeenda choo mara mbili, tukifika Ahero nasikia tena, Awasi naangalia kichaka, Kapsoit naingia petroli steshoni ati naangalia upepo wa tairi. Makanga wangu akaanza kunicheka mbele ya watu, "abiria tulieni, dere anaenda kupigia bibi simu." Siku moja mama mmoja wa kiti cha nyuma akaniuliza kwa upole kabisa, ule upole unauma kuliko matusi, "Kijana yangu, hii ni mara ya ngapi tunasimama? Mimi naenda mazishi, na marehemu hatanisubiri." Niko na miaka 47 na nikaitwa kijana na bado nikaona aibu ya mtoto.

Usiku ndio ilikuwa mbaya zaidi. Saa tano nalala, saa saba niko juu, saa tisa niko juu, saa kumi na nusu niko juu, na saa kumi na moja na nusu alamu inalia. Mama watoto akahamia upande wa ukutani ndio nisimruke. Na usingizi ukikatika hivyo, kesho yake uko Sachangwan kwa ile miteremko na macho yanafunga yenyewe. Hiyo ndio ilinitisha, si choo.

Kabla nifike kwa jagi wacha niwaambie nilipitia wapi, kwa sababu najua wengi mko huko sahii. Majina sitaji, sitaki kesi.

Kwanza kemisti ya karibu na steji. Nikaeleza kupitia dirishani, watu wako nyuma yangu kwa foleni, kijana akasema hiyo ni infeksheni ya mkojo, akanipea antibayotiki ya siku tano. Hakunipima, hakuniuliza kama inachoma, na haikuwa inachoma, hakuna homa, mkojo hauna harufu wala damu. Nikameza zote. Hakuna kitu ilibadilika isipokuwa tumbo kuharibika, na fikiria tumbo kuharibika pamoja na hiyo ingine ukiwa kwa usukani. Baadaye nilikuja kuambiwa kupima mkojo na kile kijiti cha rangi ni dakika mbili tu, na kama bado kuna shaka unapeleka ioteshwe maabara, siku mbili tatu unajua kama kuna mdudu na dawa gani inamuua. Ukimeza tu bila kupima unafundisha mdudu kuzoea dawa, halafu siku ukiwa mgonjwa kweli dawa inakuangalia tu.

Pili maabara moja ndogo, yule wa kutoa damu akarudi na karatasi, una taifodi. Yawa, taifodi tena? Mimi sijawahi kuingia maabara ndogo nikatoka bila taifodi, nadhani iko kwa mlango pale wanakupaka ukiingia. Sindano siku saba. Nikamaliza, makalio yanauma, na mkojo uko pale pale.

Tatu, na hii naona aibu, unga wa tezi dume. Kuna jamaa anapanda magari steji na spika, anaanza na "wazee wangu, unakojoa mara kwa mara, mkojo unakatika, usiku huna nguvu", yani anasoma maisha yako mbele ya abiria. Elfu moja na mia tano. Nikakoroga kwa uji wiki tatu. Uji ulikuwa mzuri.

Halafu kuna ushauri wa bure, huo ndio mwingi zaidi. Makanga akasema punguza maji. Nikapunguza, nikawa nakunywa glasi moja asubuhi basi, na mnajua jua la Kisumu vile linakuwa saa saba mchana. Mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, kichwa kinauma, choo kubwa ikakauka, na bado naenda! Kidogo kidogo lakini naenda. Daktari aliniambia mkojo ukiwa mzito hivyo unawasha kibofu, sasa unajikuta unaenda zaidi badala ya kupunguza, na juu yake unajitafutia mawe ya figo. Binamu yangu wa Usenge naye akaapa ni kichocho kwa sababu tumekua tukiogelea ziwani. Hii niliuliza vizuri. Kichocho cha Ziwa Victoria sana sana ni kile cha matumbo, kile cha kibofu chenye kinaleta damu kwa mkojo ni cha huko Pwani zaidi, ingawa ukiwa umekua majini kupimwa si makosa. Nilipimwa, hakuna.

Sukari pia nilipima, hiyo ndio kila mtu anafikiria kwanza na wako sawa kufikiria. Bila kula asubuhi, ikasoma 5.4. Ikifika 7 kwenda juu, na ikirudiwa inasoma hivyo, hiyo ni ugonjwa wa sukari. Nilifurahi hapo nikaenda kula mandazi mbili. Lakini nikatoka na swali lile lile, kama si sukari si infeksheni, ni nini?

Mwishowe mama watoto akanipeleka yeye mwenyewe kwa kliniki moja ndogo hapa tao, kuna daktari dada, mdogo hata kwa miaka, nikafikiria huyu nitamwambiaje mambo ya kukojoa. Akaniuliza maswali karibu nusu saa. Dawa gani unameza, saa ngapi, chai ngapi, unakaa kwa kiti saa ngapi, ukienda inatoka nyingi ama kidogo. Hapo nikakwama. Nikasema nyingi. "Nyingi ngapi, mzee?" Nikasema nyingi tu, daktari. Akacheka, akachora mistari kwa karatasi, akasema nenda ununue jagi yenye alama, upime siku tatu, kila tone, usiku na mchana, uandike saa, kiasi, umekunywa nini na ulikuwa umebanwa aje. Nimelipa elfu moja ya kumuona na naambiwa nikanunue jagi. Nilitoka hapo nimekasirika, niwaambie ukweli.

Sasa jagi yenyewe. Mdomo ni mpana, hiyo ni pointi kubwa, usiku huna haja ya kulenga sana. Mpini umeshika vizuri lakini kwa ndani kuna ukingo haukusuguliwa, ulinikwaruza kidole siku ya kwanza, nikauchoma kidogo na kijiko cha moto ukalainika. Shida kubwa ni alama. Mistari iko kwa plastiki yenyewe, haijapakwa rangi, ni 250, 500, 750 na 1000 basi, katikati hakuna kitu, na saa tisa usiku na tochi ya simu mdomoni hauoni hata hiyo. Hapo ndio nimetoa nyota moja. Nilichofanya, nilichukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, nikajaza, nikamwaga kwa jagi, mstari wa 500 ukakosea kidogo tu kama kijiko kimoja na nusu. Halafu nikachukua ile sirinji ya dawa ya mtoto ya mililita kumi, nikakaa kwa stuli nikamwaga kumi kumi, na kila nikifika hamsini nachora mstari kwa kalamu ya maka. Mtoto wangu wa darasa la nne akanisaidia kuhesabu, akafikiri ni homuwaki yangu. Kwa ubavu nikaandika SI YA UJI kwa herufi kubwa, na bado shangazi yangu aliyekuja kututembelea alikuwa ameishika karibu na ndoo ya kunywa, nilipiga nduru ndio ikawachwa. Ukimaliza kutumia suuza na maji na Jik kidogo, uache ikauke mdomo ukiangalia chini, haishiki harufu.

Siku mbili nilipima nikiwa ofu, moja nikiwa kazini kwa sababu daktari alisisitiza siku ya kazi lazima iwe ndani. Nilibeba jagi kwa mfuko wa gunia hadi Nakuru. Pale Kericho naingia choo cha petroli steshoni na mfuko wangu, natoka, naandika kwa kadaftari, askari wa geti ananiangalia kama mtu anaiba sabuni.

Kuna kitu kimoja wengi watakosea, mimi pia nilikosea siku ya kwanza nikarudia. Ule mkojo wa kwanza wa asubuhi ukiamka unahesabiwa na wa usiku, kwa sababu figo iliutengeneza ukiwa umelala. Ukiuweka kwa mchana hesabu yote inaharibika.

Hii hapa siku yangu ya kazi. Mchana mara kumi na moja, ingine 80, ingine 100, kubwa kabisa 200, jumla 1,180. Usiku 420, halafu 380, halafu 350, na ya asubuhi 300, jumla 1,450. Zote pamoja 2,630.

Nikapeleka kadaftari. Daktari alisoma kama dakika mbili kimya, akaweka kidole kwa ile 420, akasema, "Mzee, kibofu chenye kinabeba 420 usiku, mchana kinaitana na 80 kwa nini?" Jameni. Mwaka mzima hakuna mtu alikuwa ameniuliza hiyo, na hata mimi mwenyewe sikuwa nimewaza. Kumbe nilikuwa na shida mbili si moja, na zilikuwa zimejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake.

Ya mchana. Kibofu ni kizima, ni mimi nimekifundisha vibaya. Dere yeyote anajua, unakojoa kabla gari ijae kwa sababu hujui utapata choo wapi, ukifika unakojoa kwa sababu umefika, hata kama hakuna kitu. Ukifanya hivyo miaka kumi kibofu kinajua kazi yake ni kupiga kengele kikiwa na nusu kikombe. Ongeza chai. Nilihesabu kwa kadaftari, vikombe sita kwa siku, na kafeini inafukuza mkojo na pia inachokoza kibofu. Na mimi njia yangu inapita katikati ya majani chai yenyewe, Kericho kila mtu anakuuzia chai, kukataa ni kama kukataa mkono wa salamu.

Ya usiku ndio ilinishangaza. Mtu mzima anatoa kama lita moja hadi mbili kwa siku, ikipita tatu hapo kuna jambo la kutafuta. Mimi jumla yangu haikuwa mbaya. Lakini zaidi ya nusu ilikuwa inatoka usiku, na ikipita theluthi moja tayari wanasema figo zinafanya kazi saa zenye si zake. Akaniambia vua soksi. Kulikuwa na alama ya lastiki imezama kama imechongwa. Akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo, akahesabu pole pole, akatoa, na shimo likabaki pale, mimi na yeye tunaliangalia. Nilikuwa nafikiri miguu ya dere wote huwa hivyo jioni.

Kumbe ni hii, mimi niko na presha tangu 2021 na nameza amlodipine ya 10. Ni dawa nzuri, imenishikia presha vizuri, lakini kwa watu wengine inafungua mishipa hadi maji yanavuja yanakaa kwa vifundo, hasa ukimeza hiyo ya 10, na mimi juu yake nakaa kwa kiti masaa nane miguu ikining'inia. Usiku nikilala, miguu inakuwa sawa na moyo, yale maji yanarudi kwa damu, figo zinayaona zinasema kazi imekuja. Basi kibofu hakikuwa na kosa lolote usiku, kilikuwa kinapokea tu mzigo wa mchana.

Hakunirukia na jibu hapo hapo, hii nampea heko. Miguu kuvimba inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa figo, kwa hivyo alipima protini kwa mkojo, akapima figo kwa damu, akasikiliza moyo na mapafu, na akauliza kama nakoroma sana ama nakatika pumzi nikilala kwa sababu hiyo pia inaleta mkojo wa usiku. Tezi dume nayo akaangalia, ultrasaundi kibofu kikiwa kimejaa, halafu nikakojoe nirudi apime kilichobaki ndani, ilibaki kama 30, hiyo ni kidogo. Na kile kipimo cha tezi dume cha kuingizwa kidole nyuma, wazee, ni sekunde kumi. Nilikuwa nimekiogopa mwaka mzima na nikatoka nikiuliza kwani ndio hiyo tu?

Dawa yeye ndiye alibadilisha, akashusha amlodipine hadi 5 na akaongeza losartan, dawa ingine ya presha, na akanionya nisithubutu kuacha ya presha mwenyewe ati kwa sababu nimesoma mahali. Na nyinyi pia msithubutu. Kama unameza ile dawa ya presha ya kutoa maji mwilini, uliza kama unaimeza saa sawa, kuna mtu wa steji yetu alikuwa anaimeza jioni ndio isimsumbue barabarani, sasa unashangaa nini ukikesha chooni.

Nikifika jioni nalala na miguu juu ya mkono wa sofa saa nzima kabla ya chakula, ile maji irudi mapema niikojoe nikiwa macho. Akaniandikia pia soksi za kubana, elfu moja mia nane, hizo nazipea nyota mbili. Zinafanya kazi, jioni vifundo vinaonekana mifupa tena, lakini kuzivaa asubuhi ni mieleka na kwa joto la Ahero unasikia miguu inachemka kama ngwaci. Chai imekuwa vikombe viwili, vyote kabla ya saa sita mchana. Maji nakunywa kawaida, napunguza tu masaa mawili matatu ya mwisho kabla ya kulala.

Kufundisha kibofu nimetumia barabara. Wiki ya kwanza nikisikia nabanwa Ahero najiambia ngoja hadi Awasi, nakaza ile misuli ya chini mara tano sita, nawaza kitu kingine, na ile haraka inapita kama wimbi, kwa kweli inapita, sikuamini. Wiki ya tatu Ahero hadi Kapsoit. Wiki ya sita nilitoka Kisumu nikasimama Kericho mara ya kwanza, na nilisimama kwa sababu abiria aliomba, si mimi. Makanga alikosa cha kusema.

Nilipima tena baada ya miezi miwili, mchana mara saba, usiku mara moja, na siku zingine napitiliza hadi alamu. Mama watoto amerudi upande wake.

Lakini tusidanganyane, hii yangu ni yangu. Ukiona damu kwa mkojo, ama homa na mgongo unauma, ama umebanwa na haitoki kabisa, ama miguu imekufa ganzi na mkojo unatoka wenyewe, wacha mambo ya jagi, enda hospitali sahii hiyo hiyo. Kiu isiyoisha na nguo kuanza kulegea, pima sukari leo, na mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akianza tena na anakunywa maji kama ngamia, usimchape, mpeleke apimwe sukari. Kwa akina mama mimba na infeksheni za kweli ziko, shemeji yangu alikuwa nayo, ikaoteshwa, ikaonekana, akatibiwa siku chache ikaisha.

Basi jagi, nyota nne. Ingekuwa na mistari ya rangi ningepea tano. Makanga wangu juzi amekuja pole pole, hakuna mzaha, anasema mzee wake huko Vihiga anaamka mara tano usiku, naweza kumuazima ile jagi? Nikamwambia aende Kibuye Jumapili, mama wa besheni, upande wa kushoto ukiingia, asilipe zaidi ya 120.